Uliza Ujibiwe: Sheria ya kaunti, nguvu yake inatoka wapi na inaishia wapi?

Barua kuhusu ugatuzi zimetufikia nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Hizi tisa zinabeba maswali yanayojirudia. Majibu ni ya Kenya, isipokuwa pale msomaji alipouliza ya kwingine.

Mwenzangu kazini anashikilia kwamba mabunge ya kaunti yanatunga sheria kwa hisani ya Bunge la Nairobi, na kwamba Wabunge wakiamka vibaya wanaweza kuyanyang'anya kazi hiyo. Mimi nasema sivyo. Nani ana haki?
*Mwalimu wa historia, Nakuru*

Wewe, Mwalimu, ingawa mwenzako hajakosea yote.

Bunge la kaunti halikukopeshwa mamlaka na mtu. Ibara ya 1 ya Katiba ya 2010 inasema mamlaka ni ya wananchi, nayo hutumika katika ngazi mbili, ya taifa na ya kaunti. Ibara ya 185 inalikabidhi bunge la kaunti utungaji wa sheria na papo hapo inaweka kipimo: sheria yoyote inayohitajika ili kaunti itekeleze kazi zake zilizoorodheshwa katika Jedwali la Nne. Ukitoka nje ya orodha hiyo, umetoka nje ya mamlaka.

Huenda mwenzako anakumbuka mabaraza ya zamani, yale ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Mabaraza hayo yalitunga sheria ndogo, na sheria ndogo haikuwa kitu mpaka waziri aiidhinishe. Siku hizi sheria ya Turkana au ya Kwale haiendi Nairobi kuombewa ruhusa. Inakwenda kuchapishwa tu.

Alipopatia kidogo ni hapa: utaratibu wa mswada kupita, siku za gavana kutia saini, na namna ya kutangaza, vimewekwa na Bunge la taifa katika Sheria ya Serikali za Kaunti, Na. 17 ya 2012. Tena kazi zenyewe hazikuhama kwa usiku mmoja. Jedwali la Sita la Katiba liliruhusu uhamishaji wa hatua kwa hatua hadi miaka mitatu, na sehemu kubwa ya kazi hizo zilikabidhiwa kaunti Agosti 2013, miezi mitano baada ya uchaguzi wa kwanza wa magavana.

Ama kunyang'anya, Ibara ya 255 imelifunga lango hilo. Badiliko lolote la Katiba linalogusa malengo, misingi au muundo wa ugatuzi lazima liende kwenye kura ya maamuzi, asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47, kisha walio wengi waseme ndiyo.

Mimi ni mwakilishi wadi, muhula wa kwanza. Niliwaahidi watu wangu mswada wa basari za sekondari. Karani wa bunge ameniambia "huo si wetu". Mbona kaunti nyingine zinatoa basari?
*MCA, Bonde la Ufa*

Mheshimiwa, karani wako anasoma vizuri. Fungua Sehemu ya Pili ya Jedwali la Nne. Kuna vipengee 14, na elimu iko katika cha 9: shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya malezi ya watoto. Sekondari haimo. Na usitafute mwanya kwenye ukimya wa Katiba, maana Ibara ya 186(3) imeshauziba: kazi yoyote ambayo haikupewa kaunti ni ya serikali ya taifa. Kilichobaki kwenye sinia ni cha Nairobi.

Njia iliyopo ni Ibara ya 187. Ngazi moja inaweza kuipa nyingine kazi kwa makubaliano, ikiwa huyo anayepewa ataifanya vizuri zaidi na hakuna sheria inayokataza. Makubaliano hayo lazima yaje na pesa za kuifanyia kazi hiyo, na jukumu la kikatiba hubaki kwa mwenye kazi wa asili. Hivyo ndivyo Februari 2020 baadhi ya kazi za Kaunti ya Nairobi zilivyohamia serikali ya taifa kwa hati iliyotiwa saini na pande mbili. Basari inaweza kupita njia hiyohiyo, kwa kuelekea upande wa pili.

Bila makubaliano, mswada wako unaweza kushangiliwa bungeni, ukatiwa saini, kisha ukakwama benki. Ibara ya 207 inasema pesa hazitoki katika Hazina ya Mapato ya Kaunti mpaka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe, na swali lake la kwanza ni hilohilo la karani: hii ni kazi ya nani?

Ukitaka kitu cha watoto ambacho hakina mgogoro, angalia chekechea. Mswada wa maziwa au uji kwa kila mtoto wa chekechea umekaa kabisa ndani ya kipengee cha 9. Ila huo ni mswada wa fedha: bunge linaendelea nao kwa mapendekezo ya kamati husika, baada ya kuzingatia maoni ya waziri wa fedha wa kaunti. Mtafute mapema, kabla bajeti haijafungwa, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na haumngoji mtu.

Jambo moja la kusoma kwa makini katika orodha hiyo ni maneno ya kutoa, yale ya "isipokuwa". Kaunti ina huduma za mifugo, isipokuwa udhibiti wa taaluma yenyewe. Ina feri na bandari, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Ina leseni za biashara, isipokuwa udhibiti wa taaluma. Kwa hiyo kaunti yaweza kujenga kichinjio na kuajiri daktari wa mifugo, lakini haiwezi kutunga sheria ya nani aitwe daktari wa mifugo. Miswada mingi yenye nia njema hufia kwenye maneno hayo machache.

Shikamooni. Nauza samaki sokoni. Askari wa kaunti wamekuja na barua ya afisa wa mapato: karai moja sasa ni shilingi 50, zamani tulilipa 30. Wanasema ni sheria mpya. Tulipe?
*Mama samaki, Pwani*

Marahaba, mama. Barua ya afisa si sheria. Ibara ya 210 inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Na sheria ya kaunti, kwa Ibara ya 199, haina nguvu mpaka ichapishwe katika Gazeti Rasmi.

Muulizeni askari mambo matatu, kwa upole na mbele ya mashahidi: sheria inaitwaje na ni ya mwaka gani, hiyo shilingi 50 iko mstari gani wa jedwali la ada, na ilichapishwa katika Gazeti la tarehe ngapi. Mwenye sheria mkononi hujibu kwa dakika moja.

Mara nyingi kinachotokea ni hiki. Ada za kaunti hubadilishwa katika Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 133, inalipa bunge la kaunti siku 90 baada ya kupitisha mswada wa matumizi ili lipitishe ule wa Sheria ya Fedha. Bajeti ikipita mwisho wa Juni, Sheria ya Fedha yaweza kuchelewa hadi Septemba. Katikati hapo wakusanyaji wengine huanza kutoza viwango vya mswada kana kwamba vimeshapita. Havijapita. Kinachotozwa ni kiwango cha sheria iliyopo.

Msigombane sokoni, mtapoteza samaki. Toeni kile kilichomo kwenye sheria, dai risiti kila siku, na ziwekeni. Kisha andikeni malalamiko kwa karani wa bunge la kaunti. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mkaazi haki hiyo. Risiti za 30 na za 50 zikiwekwa pamoja zinasema zaidi ya maneno.

Na kama walitaka kuwatoza kwa sababu tu samaki wanapita katika kaunti wakielekea kwingine, hilo ni jingine. Ibara ya 209 inaipa kaunti kodi za mali na za burudani, kodi nyingine itakayoruhusiwa na Bunge la taifa, na malipo ya huduma inazozitoa. Kifungu chake cha tano kinakataza kodi ya kaunti isizuie bidhaa na watu kutembea nchini. Tozo ya lori linalopita tu, bila huduma yoyote iliyotolewa, imesimama mahali pabovu.

Mswada huchukua muda gani, na gavana akigoma kutia saini inakuwaje?
*Mwanafunzi wa sheria, Eldoret*

Muda wa bungeni hautabiriki. Baada ya bunge, siku zimehesabiwa. Kwanza mswada unachapishwa kama nyongeza katika gazeti la kaunti na Gazeti la Kenya. Unasomwa mara ya kwanza, yaani jina lake linatajwa tu. Unakwenda kwa kamati, na kamati ndiyo inayotoka kwa wananchi. Unarudi na ripoti, unasomwa mara ya pili na kujadiliwa, unapitiwa kifungu kwa kifungu na bunge zima likiwa kamati, kisha unasomwa mara ya tatu.

Ukishapita, shika kifungu cha 24 cha Sheria Na. 17. Spika ana siku 14 kuupeleka kwa gavana. Gavana naye ana siku 14: atie saini, au aurudishe na waraka unaoeleza kwa nini. Akiurudisha, bunge lina njia mbili. Likiukarabati kufuata hoja zake, unarudi kwake kutiwa saini. Likikataa hoja zake, ni lazima lipate theluthi mbili ya wajumbe wote, si ya waliohudhuria. Hapo spika anaupeleka tena ndani ya siku 7 na gavana analazimika kuutia saini ndani ya siku 7.

Na akiuweka chini ya mto? Siku zikiisha, sheria inauhesabu kuwa umeshaidhinishwa. Gavana hana kura ya turufu ya kimyakimya. Kosa tunaloliona kwa wanaohesabu ni kuanza siku 14 tangu bunge lipitishe mswada. Hesabu ya gavana huanza siku alipoupokea, kwa hiyo barua ya kuupeleka yenye muhuri wa ofisi yake na tarehe ni karatasi ya thamani kubwa. Bila hiyo, mabishano hayaishi.

Baada ya saini kuna siku 7 za kuchapisha, na sheria inaanza kufanya kazi siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe iwe imetaja tarehe nyingine. Kuna kifungu kidogo kitamu hapo, cha 25(3): sheria inayowanufaisha wajumbe wenyewe kwa fedha haianzi mpaka uchaguzi mkuu unaofuata upite. Waliotunga Sheria Na. 17 waliwajua binadamu.

Kaunti yetu iliita "kikao cha maoni" siku mbili kabla, makao makuu, kilomita 60 kutoka kwetu. Nakala za mswada hazikuwepo. Je, huko ni kushirikisha umma?
*Kikundi cha vijana, Mashariki*

Kwa sura hiyo, hapana. Na hili si dogo: kwa tunavyoona, sheria za kaunti huanguka mahakamani kwa utaratibu mbovu kama zinavyoanguka kwa kukosa mamlaka, pengine zaidi.

Kesi inayotajwa kila mahali ni ya Kiambu. Aprili 2014 Mahakama Kuu, Jaji Odunga, ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013. Hukumu haikuegemea hoja kwamba kaunti haina uwezo wa kuweka ada. Tatizo lilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa kwa kweli. Hukumu ilieleza kuwa kaunti inapaswa kuwafuata watu waliko: makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza, na kupitia redio za lugha za wenyeji. Tangazo la kutimiza wajibu halitoshi.

Basi nini hutosha? Hakuna idadi moja ya siku iliyowekwa kwa kila mswada; mahakama hupima kama muda, mahali na habari zilimwezesha mtu wa kawaida kusema jambo la maana. Kwa mswada wa kurasa 80 wenye majedwali ya ada, siku mbili ni kiini macho. Vilevile hakuna anayelazimika kumsikiliza kila mkaazi mmoja mmoja, wala maoni yenu kutokubaliwa si hoja peke yake. Hoja ni kama mlipewa nafasi na kama maoni yalizingatiwa.

Angalieni ripoti ya kamati. Orodha ya waliohudhuria na picha za viti vya plastiki si ripoti. Ripoti inayosimama inaonyesha nani alisema nini kuhusu kifungu gani, kamati ilikubali au ilikataa, na sababu. Sehemu nyingine inayovuja ni mabadiliko ya dakika za mwisho: ada iliyokuwa 1,000 wakati wa vikao inageuka 5,000 kwenye usomaji wa tatu. Jambo hilo jipya wananchi hawakuliona, na wakili mzuri ataanzia hapo.

Ninyi fanyeni hivi, hata kama kikao kimeshapita na mswada bado uko bungeni. Andikeni waraka wa kurasa moja au mbili. Juu, jina kamili la mswada na namba yake. Kisha kwa kila jambo, mistari minne:

Kifungu: 14(2). Kinasema: kila pikipiki italipa ada ya maegesho kwa siku. Tatizo: hakitaji kituo, kwa hiyo hata aliyesimama nyumbani kwake atatozwa. Tunapendekeza: ongeza maneno "katika kituo kilichotengwa na kaunti".

Mkiandika hivyo, kamati haiwezi kusema "walilalamika kwa jumla". Pelekeni nakala mbili kwa karani wa bunge, moja ipigwe muhuri na tarehe, mrudi nayo. Kiswahili kinatosha, Ibara ya 7 inakihesabu kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Sheria ya taifa na ya kaunti zikigongana, si ya taifa inashinda tu?
*Dereva wa matatu, Thika*

Si kila mara, na wengi wanashangaa kusikia hivyo.

Kwanza tenganisha mambo mawili. Kaunti ikitunga sheria juu ya kitu ambacho si chake, tuseme leseni ya udereva, hakuna mgongano wa kupima. Sheria hiyo haina miguu tangu mwanzo. Mgongano wa Ibara ya 191 ni ule wa jambo ambalo ngazi zote mbili zinaligusa. Kamari ni mfano rahisi, maana Jedwali la Nne limeitaja pande zote mbili.

Hapo sheria ya taifa inashinda kwa milango miwili. Mlango wa kwanza: inatumika sawasawa nchi nzima na ina sababu mojawapo iliyotajwa, kwa mfano jambo haliwezi kusimamiwa vizuri na kila kaunti kivyake, au linahitaji viwango vya aina moja, au linahusu usalama wa taifa, soko la pamoja au mazingira. Mlango wa pili: imelenga kuizuia kaunti isifanye jambo lisilo la busara linaloumiza uchumi, afya au usalama wa nchi au wa kaunti jirani. Milango yote miwili ikiwa imefungwa, ya kaunti ndiyo inayoshinda. Katiba imesema hivyo wazi.

Chukua ng'ombe. Kaunti ikiruhusu mifugo iuzwe mnadani bila kujali karantini ya taifa ya ugonjwa wa midomo na kwato, itashindwa mchana kweupe, kwa kuwa ugonjwa hauulizi mpaka wa kaunti. Lakini ikisema mnada ufanyike Jumanne na malori yapakie upande wa mashariki wa uwanja, hakuna sheria ya taifa yenye sababu ya kuingilia.

Inayoshindwa haifutwi. Inalala, tena kwa kiasi kile tu cha mgongano. Siku ile nyingine ikiondolewa, iliyolala inaamka. Na jaji anatakiwa kwanza atafute tafsiri itakayoziacha zote mbili ziishi.

Kwako wewe mwenye matatu: maegesho, vituo na barabara za kaunti ni vya kaunti, sheria za barabarani na barabara kuu ni za taifa. Ndiyo maana unaweza kusimamishwa na watu wa sare mbili tofauti asubuhi moja, na wote wawili wakawa kazini kihalali.

Huku kwetu Zanzibar tuna Baraza la Wawakilishi. Je, ni kitu kimoja na bunge la kaunti? Na halmashauri za Bara?
*Msomaji, Unguja*

Ni vitu vitatu tofauti, na tofauti iko kwenye lile swali la sinia: kilichobaki ni cha nani?

Kenya imeorodhesha za kaunti, kilichobaki ni cha taifa. Kwenu imegeuzwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 imeorodhesha Mambo ya Muungano katika Nyongeza ya Kwanza, leo ni 22 kutoka 11 ya mwaka 1964, na kila kisichomo humo, kwa Zanzibar, ni cha Baraza la Wawakilishi. Ibara ya 64 ndiyo inayogawa hivyo. Kwa hiyo anayedai jambo fulani ni la Muungano ndiye mwenye kazi ya kulionyesha kwenye orodha. Mjadala mrefu wa Zanzibar kuhusu orodha kurefuka unaeleweka ukiitazama hivyo: kila kipengee kinachoongezwa kinapunguza sahani ya Baraza.

Kwenu pia mgongano hauishii kulala kama wa Kenya. Ibara hiyohiyo inasema Baraza likitunga sheria juu ya jambo lililo chini ya Bunge la Muungano, sheria hiyo ni batili, na Bunge likivuka kuingia kwa Baraza, ya Bunge nayo ni batili. Tena sheria ya Bunge haivuki bahari yenyewe. Kuna masharti ya kutimiza kabla haijatumika Zanzibar, na Katiba ya Zanzibar ya 1984, Ibara ya 132, inataka iwe ya mambo ya Muungano tu, na iwasilishwe mbele ya Baraza na waziri anayehusika.

Halmashauri za Bara ni ngazi nyingine kabisa. Zinatunga sheria ndogo chini ya Sheria za Serikali za Mitaa za 1982, Sura ya 287 kwa wilaya na ya 288 kwa miji, na zinahitaji idhini ya waziri. Kijiji nacho kinatunga zake, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mkenya wa umri fulani ataziona halmashauri hizo akakumbuka baraza lake la zamani.

Na huku Scotland?
*Msomaji, Glasgow*

Kwa mgawanyo, mko karibu zaidi na Zanzibar. Sheria ya Scotland ya 1998 haikuorodhesha mlichopewa. Jedwali lake la 5 limeorodhesha kilichobaki London, kama ulinzi na mambo ya nje, na mengine ni ya Bunge la Scotland, lile la Holyrood. Ila msingi wake ni sheria ya Bunge la Uingereza, na kifungu cha 28(7) kinasema wazi kwamba Bunge hilo bado linaweza kuitungia Scotland sheria. Tena kifungu cha 35 kinampa waziri wa London uwezo wa kuzuia mswada usipate idhini ya mfalme. Kilitumika kwa mara ya kwanza Januari 2023, dhidi ya mswada wa utambuzi wa jinsia. Gavana wa Kenya anaweza kuurudisha mswada, lakini hakuna waziri wa Nairobi mwenye kalamu ya namna hiyo.

Nakala ya sheria ya kaunti naipata wapi? Ofisini wananizungusha.
*Mwenye hoteli ndogo, Kisii*

Anza mtandaoni, kwenye tovuti ya Kenya Law, inayoweka sheria za kaunti pamoja na za taifa; kisha tovuti ya bunge lenu. Usichukue faili iliyoandikwa "Mswada" juu, hata kama maneno mengine yote ni yaleyale. Inayokufaa ina maandishi ya Nyongeza ya Gazeti la Kenya, jina la kaunti, namba ya sheria na mwaka, na ndani yake tarehe ya idhini na tarehe ya kuanza kutumika. Kwa hoteli utahitaji mbili: Sheria ya Fedha ya mwaka huu, usome jedwali la leseni za biashara kwa ukubwa wa mahali na idadi ya viti, na sheria ya kaunti ya biashara au ya vyakula inayoeleza masharti ya leseni yenyewe. Ukiikosa mtandaoni, andika barua kwa karani wa bunge ukitaja Ibara ya 35 ya haki ya kupata habari, na usisahau muhuri kwenye nakala yako.